Majani Yasiyolika

Banda la vifaa vya bustani, chuoni
3 Machi

Wifi yangu,

Kaka yangu akishusha mizigo kwenye lori lake, mwambie alitoe kwanza boksi lililofunikwa kwa gunia bichi. Ndani mna miche arobaini niliyoiotesha kwa mikono yangu tangu mwaka jana. Ameniapia kwamba hataiweka karibu na mapipa ya mafuta, lakini mimi ndiye niliyekua naye, kwa hiyo kagua.

Ni ile mimea inayotambaa chini, yenye majani madogo mazito yanayong'aa. Hapa kazini tunaiita zulia. Haipukutishi majani, jua liwake au mvua inyeshe, na ikishashika ardhi hata magugu yanatafuta kwingine. Inatoa vimaua vya buluu. Nataka uipande chini ya dirisha la mama, pale palipo na viazi vyako vitamu.

Najua utanuna. Lakini hebu fikiria. Daktari wa macho amesema tarehe kumi na tisa Julai mama atatolewa mtoto wa jicho, na kesho yake asubuhi muuguzi wa mtaani kwenu atakuja kumfungua bendeji hapo hapo nyumbani, kwenye kiti chake cha dirishani. Miaka mitano mama anaona vivuli tu. Sasa kitu cha kwanza atakachokiona kiwe nini? Viazi vina msimu. Leo marando yamejaa, kesho umevuna, umebaki na mashimo na kuku wa jirani wanachakura. Zulia likishatanda halikuaibishi mbele ya mtu.

Na nikwambie na lingine, usije ukasema nilikuficha. Siku naondoka kuja kuanza kazi hii, mama alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia mbele ya majirani, "Umesoma miaka yote hiyo ili ukamwagilie majani yasiyolika?" Wote walicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka. Nataka ayaone.

Ng'oa viazi, mwagilia asubuhi, nisalimie mama.

Wifi yako,
Chiriku


Chumba cha cherehani, nyumbani
17 Machi

Wifi Chiriku,

Boksi limefika. Mche mmoja umevunjika, thelathini na tisa ni mizima, na kaka yako pia ni mzima, maana naye nimemkagua.

Viazi sing'oi vyote. Usinielewe vibaya, sina ubishi na elimu yako. Ila wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi kurudi jioni akakuta jikoni hamna kitu. Viazi vinatandaa haraka kuliko hilo zulia lako, mwezi mmoja ardhi huioni. Majani tunapika mboga, chini kuna chakula. Nikisafisha lile tuta lote nipande kitu cha kuangalia, mimi na mama tutakiangalia tukiwa na njaa.

Nimekata shauri la haki. Nimelipima tuta kwa futi yangu ya kushonea, nikaligawa katikati sawasawa, nikachomeka vijiti viwili na kukaza uzi mwekundu, ule mnene wa kushonea mifuko. Kulia zulia lako, kushoto viazi vyangu. Miche yako nimeipanda yote kwa mistari, kwa nafasi sawa, kama ninavyopanga vifungo. Mama akifunguliwa macho ataona vyote viwili, achague mwenyewe.

Yeye hajambo. Anasema vidole vinakufa ganzi siku za baridi.

Wifi yako,
Fundi


Banda la vifaa, chuoni
2 Aprili

Fundi,

Sawa, nusu kwa nusu. Sina la kufanya, maana mkono wangu hauwezi kufika huko kutoka hapa, na wako upo hapo kila siku.

Lakini sikiliza maneno ya mtu wa kazi. Marando hayaheshimu uzi. Zulia ni la taratibu, linajishikiza pingili kwa pingili, na mwaka wa kwanza ni kama mtoto mchanga. Viazi ni walafi. Vikivuka vitalifunika, vitalinyima jua, na ndani ya mwezi mmoja huna kitu. Kila Jumamosi chukua mkasi, pita juu ya uzi, kata kila kinachovuka. Kazi ya dakika tano. Wewe mwenye mikasi mitatu huwezi kusema huna mkasi.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Kaka alipopita hapa wiki jana alikuwa anasimulia tu, hana habari kwamba ananichoma. Anasema mama siku hizi anakuita mwanangu. Sio mkwe, sio mke wa fulani. Mwanangu. Anasema akisafiri yeye, wewe unalala chumbani kwa mama, kwenye kitanda cha dirishani. Kile kitanda ni changu. Nimekilalia tangu naacha kunyonya, na mbao za kichwani zina jina langu nililolichonga kwa msumari nikachapwa.

Najua ni ujinga mtu mzima kuona gere kwa ajili ya kitanda. Ninaona hivyo hivyo. Hata harusini kwenu sikuja, mkubwa wangu alininyima ruhusa, na sasa naona kama nilifungua mlango mwenyewe nikakwambia ingia ukae mahali pangu.

Kata marando.

Chiriku


Chumba cha cherehani, nyumbani
6 Mei

Wifi,

Zulia lako linaendelea vizuri. Limeshika. Usiwe na wasiwasi.

Kuhusu kitanda, mama anaamka mara mbili kwa usiku, na mtu asiyeona akitafuta mlango peke yake anaweza kuanguka. Ndiyo maana nalala pale. Jina lako kwenye mbao nimelishika kwa kidole mara nyingi kuliko ulivyolichonga.

Unanionea gere mimi? Basi nikupe na upande wa pili, ili tuwe sawa. Barua yako ikifika, mama ananitaka niache cherehani hata kama mteja amesimama. Ananiambia nimvalishe gauni jipya kwanza, ndipo nimsomee. Nasoma mara ya kwanza analia. Nasoma mara ya pili anacheka. Mara ya tatu ananisahihisha, ananiambia hapo Chiriku hakuweka mkato, ndivyo anavyoongea. Magauni yote anayovaa kukusikiliza wewe nimeyashona mimi, sita, na hajasifia hata mshono mmoja.

Halafu kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Mimi niliingia nyumba hii macho yake yameshafunga. Uso wako anao. Wangu hajawahi kuuona, ni miaka minne namlisha, namwogesha, na mimi kwake ni sauti na mikono. Siku ya bendeji wewe unaogopa kwa ajili ya majani. Mimi naogopa kwa ajili ya sura. Je, akinitazama halafu akatafuta nyuma yangu aliyemzoea?

Mwaniita wote Fundi, lakini hapo sina pa kushona.

Wifi yako


Banda la vifaa, chuoni
28 Mei

Wifi yangu Fundi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mifuko ya mbolea, nikaisoma tena. Sikujua kwamba ananisikiliza akiwa na gauni jipya. Sasa nitaandika kwa adabu zaidi.

Nina habari. Nimepata likizo ya wiki mbili. Nitafika tarehe kumi na tisa Julai, siku hiyo hiyo ya upasuaji, na asubuhi ya bendeji nitakuwa nimesimama hapo dirishani. Usimwambie mama.

Kaka yangu anasema alipopita nyumbani hakuona chini ya dirisha ila viazi tu. Simwamini, kwa sababu yule hawezi kutofautisha mchicha na nyasi. Ila nimeota vibaya. Nikatie kijiti kimoja cha zulia, chenye majani matano hivi, ukibane ndani ya barua. Nikikishika nitajua kama linakunywa maji ya kutosha.

Na hiyo sura yako, ije tu mbele. Mimi nitasimama pembeni kidogo. Kidogo, lakini.

Chiriku


Chumba cha cherehani, nyumbani
2 Julai

Wifi Chiriku,

Kijiti ulichoomba hakimo humu. Nimekaa na barua yako mwezi mzima nikitafuta namna ya kusema, na hakuna namna. Miche iliyobaki ni mitatu.

Jumamosi ya kwanza nilikata marando kama ulivyoniagiza. Ya pili nilikuwa na sare za shule, nikasema nitakata kesho. Ya tatu nilitoka na mkasi mkononi. Mama akaniita kutoka dirishani, nimsomee tena ile barua yako ya kitanda, mara ya nne. Nikasimama pale nje nikasoma, naye anacheka peke yake pale uliposema kuhusu msumari. Nilipomaliza nikarudisha mkasi kwenye droo. Sikuusahau. Niliurudisha. Na Jumamosi zilizofuata nikawa napita mbali na lile tuta, na nilipokuandikia kwamba zulia limeshika nilikuwa sijalitazama wiki mbili. Mvua zilipokolea marando yaliruka uzi yakafunika kila kitu. Chini yake majani yako yaligeuka manjano, kisha meusi.

Sasa sikiliza adhabu yangu. Mwanzoni mwa Juni mama alitaka atoke nje. Akaniambia, "Nishikishe majani ya mwanangu." Ningemwambia nini? Nikamchukua mkono nikauweka juu ya marando. Nikamwambia ndiyo haya. Nilijipa moyo kwamba vidole vyake vina ganzi, na mboga siku zote nachuma mimi. Akayapapasa taratibu, jani kwa jani. Halafu akaingiza vidole kwenye udongo, akagusa kiazi. Akakung'uta vidole. Kisha akasema kwa sauti ya mtaa mzima kusikia kwamba Chiriku amempandia mapambo yanayozaa viazi.

Tangu siku hiyo sina raha. Amemwambia muuguzi. Amewaambia wateja wangu wakija kupimwa nguo. Nikichemsha viazi anasema hivi ndivyo mtu aliyesomea kilimo anavyofanya kazi, mwingine angepanda vya kawaida tu. Viazi vyangu, wifi. Nilivichimbia tuta mimi, nikavinyweshea mimi, na kila anapomeza anakusifia wewe. Nimefika mahali naona wivu kwa viazi nilivyolima kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka kukufuta chini ya dirisha lile, na badala yake nimekuandika mpaka sahanini.

Zimebaki siku kumi na nane. Akifungua macho ataona marando na atajua mimi ni mwongo, kabla hata hajajua pua yangu imekaaje. Niambie nifanye nini.

Wifi yako, mwenye mikasi mitatu


Banda la vifaa, chuoni
9 Julai

Wifi,

Usifanye kitu.

Nilianza kukuandikia kurasa nne, nimezichana. Miche ile niliitoa tawi moja moja, nikaiotesha kwenye makopo ya rangi nyuma ya banda, nikaihamisha kila mchana kwa sababu ya jua. Wenzangu walinicheka kwamba nalea. Na wewe uliisimamia ikifa, na barua yangu mkononi.

Likizo nimeirudisha. Nije nisimame pale nitazame nini? Mama akinisifia, anasifia viazi vyako. Akikugombeza, utakuwa wewe ndiye unayelia, na yeye atakubembeleza wewe. Kwa vyovyote vile mimi ni mgeni. Tena bora alivyosema zamani, kwamba majani yangu hayaliki. Angalau lile lilikuwa langu.

Muwe na siku njema ya bendeji.

Chiriku


Kwenye kiti cha dirishani
21 Julai

Chiriku,

Mwandiko huu ni wangu. Usishangae mistari kupanda mlima, ni miaka mitano sijashika kalamu. Hakuna anayenisaidia na hakuna aliyesoma kabla sijafunga bahasha.

Upasuaji ulikwenda salama. Jana asubuhi muuguzi alikuja akanifungua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kidole gumba chake, kwa hiyo ugomvi wenu wote ameushinda yeye. Cha pili nilimwona mwanamke amesimama ukutani, ameshika ncha ya pazia, anatafuna mdomo. Nikamuuliza, "Wewe ndiye uliyenidanganya?" Akasema ndiyo, mama. Hakujitetea. Ana pengo dogo kati ya meno ya mbele. Miaka minne hakuna mtu aliyeniambia ana pengo, na linampendeza.

Halafu nikatazama nje. Siku niliyokuwa hospitali aling'oa viazi vyake vyote, hata vile visivyokomaa, gunia liko jikoni. Udongo ameusawazisha kwa mikono. Uzi mwekundu ameuzungushia tuta zima, na katikati, peke yake, imesimama miche mitatu. Ndiyo bustani yenyewe. Kuku wa jirani walikuwa wanaishangaa.

Sasa mnisikilize wote wawili, maana na yeye nimemwambia haya kwa mdomo. Nimeshika marando tangu sijaolewa. Nimewalea wewe na kaka yako kwa viazi. Mlifikiri vidole navyo vina mtoto wa jicho? Ganzi iko miguuni. Siku ile alipouweka mkono wangu pale nilijua kabla jani la kwanza halijaisha. Nikanyamaza, kwa sababu nilisikia sauti yake ilivyotetemeka, na kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza nasikia mdomo wake unakupa wewe kilicho chake. Nikasema ngoja nimwone atavumilia mpaka lini. Wiki sita! Nilimwongezea chumvi kila siku, hasemi. Ule utani wa mtu aliyesomea kilimo niliutunga usiku nikacheka mwenyewe kitandani. Kumbe mlikuwa mnaumizana, na mimi nafanya mchezo. Hapo nimekosa.

Na kuna kosa la zamani zaidi. Lile neno la mlangoni, majani yasiyolika. Wewe umelibeba kama dharau. Ulikuwa wivu, Chiriku. Ulikuwa umeshika begi, umechangamka, unaniambia majina ya miti ya huko unakokwenda, na hukugeuka hata kutazama nyumba. Nikaona hayo majani yananichukulia mtoto. Nikayatukana. Ningekuwa na ujasiri ningesema usiende, nikasema lile badala yake.

Jana nimekaa na miche yako mitatu asubuhi nzima. Mmoja una kiua cha buluu, kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Majani yake nimeyatazama tu, sikuyala, na wala sikusikia njaa mpaka nilipoitwa kula.

Sikuandikii ili nikubembeleze. Nakueleza jambo lililotokea. Uso wa wifi yako sasa naujua, naweza kuuchora. Wako nilionao ni wa miaka mitano iliyopita, na ulikuwa umeanza kufifia hata kabla ya macho. Jana jioni nilifumba macho nikajaribu kukukumbuka. Ukanijia uso wa kwake, na pengo lake.

Fanya haraka.

Mama yako


Banda la vifaa, chuoni
27 Julai

Wifi yangu Fundi,

Likizo nimeiomba tena. Mkubwa wangu alitaka kukataa, nikampa barua ya mama aisome, akanirudishia pamoja na ruhusa.

Naja Jumamosi na lori la kaka. Nitakaa mbele, na boksi nitalipakata, simpi mtu. Safari hii ni miche kumi na saba, ukiongeza mitatu yako inakuwa ishirini. Inatosha upande mmoja. Upande wa pili rudisha marando, tena uyapande mapema yashike. Gunia likiisha mtakula nini, vimaua?

Uzi uukaze upya katikati. Mkasi mmoja niazime, mkubwa kuliko yote, nitakata mwenyewe nikiwa hapo, na nikiondoka utakata wewe kila Jumamosi na mama atakuwa anakuona.

Kitanda cha dirishani nitandikie mimi. Umekilalia miaka minne, wiki mbili hazikuui. Bado nakuonea gere na sidhani kama itaisha, kwa hiyo tusidanganyane.

Mama akiuliza kwa nini nakuja, usimwambie habari ya miche. Mwambie nakuja kutazamwa.

Chiriku